Maumivu ya Tumbo, Mzigo wa Akili: Mwenza Asimame Wapi?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunaongea na wenza. Mke wako ana endometriosisi, na juu yake ana tatizo la afya ya akili, iwe sonona, iwe baipola, yaani hisia kupanda mno na kushuka mno. Kaka Baraka, mada hii ni ya nyumbani kwako.

BARAKA: Ni ya nyumbani, na mke wangu ameniruhusu kuisema. Ana endometriosisi na ana baipola. Kinachoniuma ni hiki: jina la ugonjwa wa akili likishaingia kwenye faili, maumivu ya tumbo hayaaminiki tena. Anasema nyonga inawaka moto, anaulizwa kama amekunywa dawa zake za akili.

ZUHURA: Wakati endometriosisi ni ugonjwa ulio mwilini kabisa. Tishu inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi inaota nje ya mfuko: kwenye ovari, kwenye kibofu, hata kwenye utumbo. Panavimba, panaota makovu, viungo vinanatana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 190 wanaishi nao, kama asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa.

BARAKA: Na wangapi wameambiwa ni chango tu, ukizaa litaisha? Kuzaa si tiba. Hata kutolewa kizazi hakumhakikishii mtu kwamba maumivu yataondoka.

ZUHURA: Vipimo navyo vinawachanganya wenza. Ultrasaundi inaweza kuonyesha kila kitu kiko sawa na ugonjwa upo. Na mwenye madoa machache ya tishu hiyo anaweza kuteseka kuliko mwenye hatua ya nne, ile ya juu kabisa. Ukisikia "hatua ya kwanza," usirudi nyumbani ukidhani ni jambo dogo.

BARAKA: Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mwenza ni kumwamini, dada, na imani hiyo ionekane. Akitaka, ingia naye kwa daktari. Maneno yake yakipuuzwa, sema: "Naishi naye, nimemwona akishindwa kusimama." Inasikitisha kwamba shahidi wa pili ndiye anayesikika, lakini kama anasikika, aseme.

ZUHURA: Ila asimsemee.

BARAKA: Hapana. Mnakubaliana kabla ya kuingia: nitaongea lini, na nini kisitajwe.

ZUHURA: Twende kwenye dawa. Hapa watu wanadhurika bila kujua.

BARAKA: Sana. Mke wangu ana daktari wa magonjwa ya wanawake na daktari wa akili, na hao wawili hawajawahi kuzungumza. Kila mmoja anaandika dawa zake. Upande wa akili anatumia lithiamu. Sasa hedhi ikija na maumivu, watu wote hukimbilia ibuprofeni au diklofenaki.

ZUHURA: Ambazo zinazifanya figo zitoe lithiamu kidogo kuliko kawaida. Inajaa kwenye damu, inaweza kufikia kuwa sumu: mikono kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba, kuchanganyikiwa. Hapo ni hospitali, tena haraka.

BARAKA: Na mtu wa pembeni atadhani tumbo limemzidi, au akili imeyumba.

ZUHURA: Parasetamoli haina ugomvi huo na lithiamu. Wapo ambao daktari atawaruhusu hizo nyingine huku akipima damu yao, lakini uamuzi huo ni wake, usiufanye mwenyewe dirishani kwa muuza dawa. Lamotrijini, dawa nyingine ya baipola, nayo ina yake: vidonge vya homoni vyenye estrojeni vinaweza kuishusha kwenye damu hadi karibu nusu. Mtu anaanza vidonge ili tumbo litulie, baada ya muda huzuni inarudi, na hakuna anayeunganisha. Kuna pia sindano zinazozima ovari. Kwa baadhi ya wanawake zenyewe huleta huzuni nzito.

BARAKA: Kwa hiyo sisi tuna karatasi moja. Dawa zote, za akili na za tumbo, kipimo, tarehe ya kuanza. Kila daktari anaiona, kila mfamasia anaiona. Nyuma yake kuna siku za hedhi, ukali wa maumivu, usingizi, hali ya hisia. Daktari akiikuta imeandikwa hivyo hawezi kusema tunabahatisha.

ZUHURA: Nani anaandika?

BARAKA: Yeye. Mimi naandika akiniomba. Mwenza akishika daftari kama mwalimu wa zamu, ndoa imekwisha. Na tafadhali, msikilizaji, asiache dawa ghafla kwa sababu ametusikia sisi. Aulize kwanza.

ZUHURA: Hapo kwenye mwalimu wa zamu. Mke akikasirika, swali la kwanza ni "umekunywa dawa?"

BARAKA: Swali hilo linadhalilisha. Pengine amekasirika kwa sababu nimemkosea! Mke wangu, akiwa katika utulivu, alizitaja mwenyewe dalili zake: kulala kidogo bila kuchoka, kutumia pesa ovyo, maneno kufukuzana. Nikiziona, nina ruhusa ya kumwambia. Nje ya hizo, hasira ni hasira, na tunaizungumza kama watu wazima.

ZUHURA: Na chumbani?

BARAKA: Tendo la ndoa linaweza kumuuma ndani kabisa, na maumivu yakaendelea hata baadaye. Dawa nyingi za sonona nazo hupunguza hamu. Akisema hapana, hajakukataa wewe. Wanawake wengi huvumilia kimya wakiogopa kuachwa, kwa hiyo mwanaume ndiye aanze kusema: "Ukiumia tunaacha, na sitanuna." Kisha asinune kweli.

ZUHURA: Nawe unampata nani wa kukusikiliza?

BARAKA: Kaka yangu. Mke wangu anajua ninamweleza nini.

ZUHURA: Siku maumivu na huzuni vikija pamoja, akasema amechoka kuishi?

BARAKA: Namuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Wengi hupumua, kwa sababu hatimaye mtu amelitaja. Akijibu ndiyo, simwachi peke yake hata dakika, dawa zote naziweka mbali naye, maana lithiamu ikinywewa nyingi kwa mkupuo inaweza kuua, na tunakwenda hospitali saa hiyohiyo.

ZUHURA: Na daktari wa zamu aambiwe yote mawili, tumbo na akili. Asitibu nusu ya mgonjwa.