Hapana ya Mdomoni, Kapu la Uswidi

Ndugu zangu wa Tukuyu, Kyela, Mbeya Mjini, na nyie wa Iringa msininunie maana nanyi mmo, hamjambo? Leo sirekodi jikoni kwangu Norwei. Nipo ndani ya gari hapa Svinesund, mpakani mwa Norwei na Uswidi. Tumeegesha upande wa Uswidi, kioo kimeshika barafu, na nimevaa makoti mawili.

Njiani tumeyapita malori yanasubiri forodha. Kwa mtu aliyeiona Tunduma, mpakani mwetu na Zambia, ile siyo foleni, ni mzaha, lakini ipo. Kila siku mnaniuliza, kwani Ulaya si moja? Sisi watu tunapita tu, hakuna anayekuuliza pasi. Mzigo ndio unaosimamishwa, kwa sababu Norwei haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Wananchi waliulizwa kwa kura mwaka 1972 kama waingie, asilimia 53.5 wakakataa. Wakaulizwa tena 1994. Uswidi na Finland walikubali mwaka huohuo, hawa wakagoma kwa asilimia 52.2, na waliojitokeza kupiga kura ni karibu asilimia 89. Jamani, 89! Oslo walitaka kuingia. Waliogoma zaidi ni wakulima na wavuvi, hasa wa kaskazini. Kulikuwa na mama mmoja wa Senterpartiet, chama chenye mizizi ya wakulima, Anne Enger Lahnstein, mpaka akabatizwa Malkia wa Hapana.

Sasa oneni hili jibini. Ngoja nilisogeze kwenye kamera. Tangu 2013, jibini gumu kama hili likiingizwa kutoka nje kibiashara, Norwei inalitoza ushuru wa asilimia 277, ili mfugaji wao asimezwe. Na leo nimekuja na nani? Na jirani yangu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Namwita mzee, yeye anataka nimwite jina lake tu, mdomo wangu wa Kinyakyusa umekataa. Mwaka 1994 alipiga Hapana na hajuti. Muda huu yumo dukani anachagua nyama ya nguruwe ya Uswidi kwa sababu ni bei rahisi!

Nilimtania njiani. Akacheka, akasema kura ni kura na krismasi ni krismasi.

Siyo kwamba Wanorwei hawabadiliki. Tangu Urusi ivamie Ukraine 2022, wanaosema Ndiyo wameongezeka. Mwaka 2025 Trump alipowapandishia ushuru, wengine wakaanza kujiona wapweke. Ila shika upande wa umeme uone. Nyaya za baharini zimeiunganisha Norwei na Ujerumani na Uingereza, bili za kusini zikapanda, na Januari 2025 Senterpartiet ikajitoa serikalini ikikataa sheria za umeme za Umoja wa Ulaya. Hapana bado iko mbele. Na msisahau, tangu 1994 wamo kwenye Eneo la Kiuchumi la Ulaya: wanafuata sheria za soko, wanatoa fedha, ila kwenye kupiga kura hawamo. Ni kama kuchangia harusi, ukala pilau, lakini kwenye kamati hukai.

Mnacheka? Machi 2025 mama mdogo wangu, anayenunua mikungu ya ndizi Kiwira na kuivusha Kasumulu, mpakani na Malawi, alinitumia sauti WhatsApp. Malawi imezuia ndizi zetu, mchele, tangawizi, unga. Nyuma yake nasikia mtu anahesabu mikungu, na ndizi ukizilaza siku tatu kwenye turubai, rangi yenyewe inakwambia. "Mwanangu, hii SADC, jumuiya yetu ya nchi za kusini mwa Afrika, ni ya kwenye redio?" Aprili Tanzania nayo ikafunga mazao ya Malawi na Afrika Kusini, na baada ya siku chache ikafungua. Nikampigia. Nilidhani atasema mipaka yote ifunguliwe. Akaniambia iwe wazi kwa ndizi zake, ila mahindi ya Malawi yasishuke Kyela wakati wa mavuno, kwa sababu shemeji anauza mahindi.

Nilinyamaza. Ningemjibu nini, nami nimekaa hapa na jibini?

Haya, mzee huyo anakuja, na mifuko minne! Ruhusa ya kuingiza Norwei bila ushuru ni kilo 10 kwa mtu mmoja, nyama na jibini pamoja. Ngoja nizime kamera nikampimie, asije akanigawia zake nikavuke nazo mimi. Ndaga fijo, asanteni sana.