"Used to" na "would": kusimulia mazoea ya zamani kwa Kiingereza

Haya, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo mada ni moja tu, namna Kiingereza kinavyosema kitu ulichokuwa unafanya mara kwa mara zamani, na hapa ndo wengi wetu tunashtukiwa mapema kwamba tunatafsiri kichwani. Mtu anawaza "nilikuwa naenda shule kwa miguu", anafungua mdomo, "I was going to school on foot". Grama haina kosa, ila mwenye lugha yake anabaki anasubiri: ulikuwa unaenda, ehe, ikawaje? Maana kwake "was going" ukiitamka hivyo peke yake ni mtu yuko katikati ya njia na kuna jambo linakuja. Umemwambia mazoea ya miaka, yeye kasikia asubuhi moja.

Unachotaka ni "I used to walk to school". Hapo umesema mawili kwa mpigo, kwamba ulikuwa unafanya na kwamba mambo yameshabadilika. Na hii "used to" haichagui kitenzi, iwe kitendo iwe hali: "I used to play chess", "I used to be shy", "I used to have a bicycle", zote fresh.

Kazi ipo kwenye "would". Utaambiwa hizi mbili ni kitu kimoja, tumia yoyote, mi hapo nakataa. "Would" haijitegemei, inataka wakati uwe umeshatajwa. Ukianza kavukavu "I would play chess with my brother", msikilizaji anasikia "ningecheza" na anasubiri useme ungecheza kama nini, kama ungepata muda, kama angekuwepo? Lakini tanguliza "when we were children" na sentensi ileile inakaa vizuri, sasa ni kumbukumbu. Ndo maana wasimulizi wazuri wanafungulia na "used to" halafu wanateleza na "would". Sikilizeni: "My grandmother used to live with us. Every evening she would sit by the door, she'd call us one by one, and she'd tell us a story." Hiyo 'd ni "would" iliyofupishwa, kwenye mazungumzo utaisikia hivyo zaidi. Ukiweka "used to" mara nne mfululizo hapo, hadithi inachosha kama risala.

Sasa rudini kwenye sentensi ya kwanza ya bibi. Naweza kusema "My grandmother would live with us"? Hapana, inaharibika. Kuishi pale ni hali, "would" inataka kitendo kinachojirudia. Kwa hiyo jiulize, hiki kitu kilitokea leo, kikatokea tena kesho, kikatokea tena? Kukaa mlangoni, ndiyo. Kuita watoto, ndiyo. Kumjua mtu, kumiliki nyumba, kupenda, kuamini, hizo hazijirudii, zipo tu, na "would" hazitaki. Msije mkakariri kwamba "be" imepigwa marufuku jumla lakini, "he would be late every Monday" ni sawa kabisa, kuchelewa kunajirudia.

Ukishataja idadi au muda kamili, achana na zote mbili, rudi kwenye past ya kawaida: "I lived there for three years", "I visited her four times". Kukanusha ni "didn't use to", ile d ya mwisho inaondoka kwa sababu "did" imeshabeba wakati. Na "I'm used to walking" ni kitu kingine, nimezoea, sasa hivi, isiwachanganye.

Kwenye kukanusha "would" kuna mtego na watu wanaumbuka. "He didn't use to eat meat", hakuwa na kawaida ya kula nyama, basi. "He wouldn't eat meat" kwa kawaida inasikika kwamba aligoma, kabembelezwa na bado hataki, na hata gari linaweza kugoma hivyohivyo, "the car wouldn't start". Na ukiikazia sauti, "she WOULD interrupt me", hapo unalalamika, yaani kila nikiongea lazima anikatize, kwa hiyo kama ni bosi wako unamsimulia angalia unakaza wapi. Haya, nani ana swali?