Picha ni ya Nani? Mhadhara kuhusu Lesia Khomenko, Mchoraji wa Kyiv

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie uchoraji wa sura za watu katika zama hizi. Badala ya kuzunguka dunia nzima kwa dakika chache, nimeona nikae na mchoraji mmoja tu, Lesia Khomenko, aliyezaliwa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, mwaka 1980 na kuhitimu mwaka 2004 katika chuo cha taifa cha sanaa na usanifu majengo cha mji huo huo. Nimemchagua kwa sababu kila anapomchora mtu huonekana kuuliza swali ambalo wengi wetu hatujiulizi tukiwa mbele ya turubai: picha hii ikishamalizika itakuwa ya nani, na nani ana ruhusa ya kuitazama?

Swali hilo lina mizizi nyumbani kwao. Babu yake, Stepan Repin, alikuwa mchoraji wa uhalisia wa kijamaa na mpiganaji wa Vita Kuu ya Pili. (Msimchanganye na Ilya Repin, mchoraji maarufu wa karne ya 19.) Katika mtindo ule wa Kisovieti, mfanyakazi na askari walichorwa kama mashujaa, kifua mbele, macho yakitazama mbali, na kwa kweli sura zao zilikuwa mali ya dola kuliko mali ya wenyewe. Kati ya mwaka 2009 na 2011 mjukuu aliurudia urithi huo katika mradi alioupa jina la babu yake. Hakwenda kumcheka mzee, wala hakwenda kumsafisha. Alikuwa kama fundi anayefumua koti la marehemu ili aone lilivyoshonwa. Kabla ya hapo alikwisha kuchora mfululizo aliouita Majitu, ambamo watu wa kawaida kabisa wamepewa ukubwa ambao zamani ulitengwa kwa mashujaa.

Mwaka aliohitimu ndio mwaka wa Mapinduzi ya Rangi ya Chungwa, maandamano makubwa ya Waukraine kupinga udanganyifu katika uchaguzi wa rais, na katika vuguvugu hilo ndipo kilipozaliwa kikundi cha wasanii cha R.E.P. (kifupi cha jina lenye maana ya Nafasi ya Kimapinduzi ya Majaribio), alichokuwamo yeye pamoja na wasanii kama Nikita Kadan na Zhanna Kadyrova. Sitakaa sana hapo. Itoshe kusema kwamba kizazi hicho kilijifunza kufanya sanaa barabarani, katikati ya watu, na mafunzo hayo yalimfaa miaka tisa baadaye.

Novemba 2013 maandamano dhidi ya serikali yalianza katika uwanja wa Maidan, katikati ya Kyiv, yakaendelea hadi Februari 2014. Khomenko alikwenda pale akaanza kuwachora waandamanaji kwa kalamu ya wino ya kawaida, akiwa ameweka karatasi ya kaboni chini ya ile anayochorea. Mchoro ukimalizika, aliyechorwa anachukua karatasi ya juu, na mchoraji anabaki na nakala ya chini.

Naomba mtulie na jambo hili kidogo, maana ni rahisi kulipita. Waliowahi kukaa dukani wakaandika kitabu cha risiti wanaijua kaboni: haina kifutio, kila mkwaruzo hushuka chini, na ukiegemeza mkono vibaya unaacha doa. Mchoraji wa sura amezoea kurekebisha, kulainisha shavu, kurudia jicho mara tatu. Khomenko alijinyima anasa hiyo kwa hiari yake. Zaidi ya hapo, alibadilisha mgawanyo wa mali, kwa kuwa kwa desturi anayechorwa huondoka mikono mitupu na msanii hubaki na kazi, ilhali hapa aliyekaa kwenye baridi akitazamwa ndiye aliyeondoka na mchoro wenyewe. Mimi binafsi naihesabu kazi hii kuwa bora kuliko turubai zake nyingi kubwa, ingawa najua wapo wenzangu humu ndani watakaonipinga.

Kisha ikaja Februari 2022. Urusi ilipoanzisha uvamizi kamili, Khomenko aliondoka Kyiv na kuhamia Ivano-Frankivsk, magharibi mwa nchi, ambako alipata nafasi ya kufanyia kazi. Mumewe, Max, akajiunga na jeshi. Hapo akachora picha inayoitwa Max Jeshini. Mtu amesimama kimo kizima, amepiga saluti, lakini amevaa nguo za kiraia. Picha hiyo ilitokana na picha ya simu aliyotumiwa na mumewe. Mkono wa saluti unadai kwamba huyu ni askari. Nguo zinamwonyesha kama jirani aliyetoka kununua mkate. Mwaka huo huo kazi hiyo ilionyeshwa Venice, katika maonyesho ya Ukraine yaliyofanyika sambamba na Biennale, maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa ya mji huo.

Sasa tazameni ugumu uliomkabili. Machi 2022 Ukraine iliongeza katika sheria yake ya jinai kifungu kinachoadhibu usambazaji wa habari na picha zinazofichua mahali majeshi yalipo. Picha ya simu ikawa kitu cha hatari, kwa kuwa ukuta ulio nyuma ya mtu unaweza kumwambia adui pa kurusha kombora. Brashi, kwa upole wake, ilikuwa na uhuru ambao kamera ilikuwa imeupoteza: inaweza kubakiza mwili na kuuondoa ukuta. Katika kazi zilizofuata, Khomenko alikwenda mbali zaidi, akachora askari ambao nyuso zao zimevurugwa kwa vipande vya pikseli, kama tunavyoona kwenye skrini pale mtu anapofichwa, ila safari hii kila kipande kimepakwa rangi kwa mkono.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza wiki iliyopita kama picha isiyo na uso bado ni picha ya mtu. Tazameni hii iliyoko ukutani. Mabega, namna anavyousimamia mguu mmoja, uzito wa koti: mkewe au mama yake angemtambua mara moja. Adui asingemtambua, na kwa picha hiyo sisi nasi tumewekwa upande wa wasiomjua.

Hapo nakomea. Karibuni maswali.