Usiulize makato kwanza, uliza hela inaingia lini

Haya jamani, tuanze, waliochelewa watatukuta. Wengi mmenifuata inbox na swali lilelile, kampuni gani ya malipo, ya kupokelea hela za wateja wanaonunua mtandaoni, ina makato madogo. Hilo kwangu ni swali la tatu huko.

Tupige hesabu. Umeuza vitenge 40 kwa 25,000, hiyo milioni. Anayekata asilimia 3.5 anachukua 35,000, anayekata 2.5 anachukua 25,000, tofauti elfu kumi, hela ya bodaboda. Ila kama huyu wa bei chee anakaa na hela yako wiki nzima ndo aingize benki, sa Kariakoo kuchukua mzigo mwingine unarudi na nini?

Mi yamenikuta. Mteja yuko Muscat kalipa kwa kadi, naona kabisa pale imeandika imelipwa, rangi ya kijani, nikatuma mzigo kwa mbwembwe, kumbe hela bado "inahakikiwa". Siku 11! Nikipiga simu inaita weee mpaka inakata, nikiandika email inajibu mashine. Jina siwataji.

Alafu jiulize wateja wako hela yao inakaa wapi. Kama wako Mbagala na Mwanza inakaa kwenye simu, M-Pesa iko hapa toka 2008, we chukua lipa namba uanze, website sio lazima. Oda zikizidi mpaka huelewi nani kalipa nani bado, hapo ndo uende kwa wanaounganisha mitandao ya simu na kadi pamoja, akina Selcom, Pesapal, mteja anabonyeza, simu inamuuliza namba ya siri, kwisha. Hizo video za YouTube za Wamarekani eti fungua Stripe, kampuni nyingine ya malipo, Stripe haifungulii biashara iliyosajiliwa Tanzania, mnamaliza bando bure.

Na kadi ina lake: mteja anaweza kwenda benki kwake akaukana muamala wiki kadhaa baadae, hela ikatolewa kwako na mzigo anao. Risiti ya basi uliyotumia mzigo usitupe, ipige na picha. Skrinishoti ya mteja eti "nishatuma" sio malipo, angalia salio lako mwenyewe.

Siku hizi kabla sijajaza fomu ya mtu napiga namba yao ya huduma jumamosi saa moja usiku, biashara yangu ndo inachanganya muda huo. Wasipopokea, fomu naiacha hapohapo.