Kufuli Halikuwa Langu

Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni. Vijana, sogeeni karibu, viti vipo.

Nilipompigia mama simu kumwambia naingia Marine, kikosi cha jeshi la Marekani kinachopigana nchi kavu na baharini, huku nasoma sheria, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Si ulisema unakwenda kuwa wakili? Uwakili na bunduki wapi na wapi?" Leo najaribu kumjibu.

Jeshi la nchi kavu la Marekani humpa wakili cheo moja kwa moja, na mafunzo ya uafisa anayopitia ni mafupi. Kwa Marine, wakili ni afisa kwanza, sawa na yule wa mizinga au rubani. Mwanafunzi wa sheria hutumia likizo yake ya kiangazi Quantico, Virginia, wiki 10 katika shule ya maafisa. Nusu ya alama ni uongozi, robo darasani, robo nguvu za mwili. Kesi ulizosoma hazikuongezei hata alama moja. Ukifaulu unakuwa luteni usu, unarudi chuoni, unamaliza shahada, unafanya mtihani wa uwakili. Kisha Quantico tena, takriban miezi sita, kujifunza kuongoza platuni ya bunduki. Mwisho kabisa ndipo unapelekwa Newport, Rhode Island, wiki 10 za sheria ya kijeshi. Piga hesabu mwenyewe uone kipi kimepewa muda mrefu.

Zamani hata mimi niliona ni kupoteza muda. Sasa nisikilizeni habari ya kufuli.

Kule kadeti hasemi "mimi". Anasema "kadeti huyu". Kadeti huyu anaomba kwenda haja. Kadeti huyu amesahau kofia. Usiku mmoja sajini alikuta sanduku moja halijafungwa. Akafoka: "Nani?" Nikasikia sauti ikiitika, "Kadeti huyu, sajini!" Ilikuwa sauti yangu. Sanduku langu lilikuwa miguuni pangu, kufuli limebanwa vizuri. La wazi lilikuwa la jirani yangu. Wiki tatu tu za kuamrishwa, na ulimi ulikwisha kujua kwamba anayechelewa kujibu ndiye anayeumia. Nilipiga pushapu za watu.

Miaka ikapita, nikapewa kumtetea askari wa miaka 19. Sajini wake alimkuta koridoni, kikombe cha kahawa mkononi, akamuuliza kwa upole tu: zile hela ulizipeleka wapi? Kijana akamwaga yote. Mwendesha mashtaka akasimama akasema yale yalikuwa mazungumzo, mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyemshika. (Huyo mwendesha mashtaka tulikuwa platuni moja Quantico, tumelala tope moja. Jioni ile hatukula pamoja.)

Hapo ndipo Kifungu cha 31 cha sheria ya haki za kijeshi kinapoingia. Sheria hiyo Rais Truman wa Marekani aliitia saini 1950, ikaanza kutumika 1951. Inasema mwanajeshi anayemhoji mwenzake anayemshuku lazima kwanza amwambie anashukiwa kwa lipi, kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake. Asipoonywa, maneno yake hayapokelewi mahakamani. Raia wa kawaida walisubiri hadi 1966, kesi ya Miranda iliyowataka polisi wamwonye mtu kabla ya kumhoji, na hata hapo onyo lao ni kwa aliyekwisha kushikwa na polisi. Askari analindwa hata akiwa amesimama koridoni, kwa sababu jeshini cheo peke yake ni pingu. Mkubwa akiuliza, mdogo anajibu. Amefundishwa hivyo.

Jaji sikumsimulia habari ya kufuli. Lakini hoja yangu nzima ilitoka pale. Maelezo ya kijana yalitupwa nje.

Sasa mambo ya karatasi, nisije nikawaacha hewani. Uafisa unataka uraia wa Marekani. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kuingia kama askari wa kawaida, lakini uafisa hapana. Pia, katika njia hii ya wanafunzi, hata ukimaliza zile wiki 10 hujafungwa na lolote mpaka ukubali kuapishwa, kwa hiyo asije mtu akakutisha. Na anza kukimbia leo. Kipimo ni maili tatu, karibu kilomita tano, na wengi wetu wa vitabu hukwama hapo.

Haya, bwana mdogo wa nyuma umeinua mkono muda mrefu. Uliza.