Kioo cha pawa windo kimegoma: pima kwanza, mota mwishoni

Haya jamani karibuni, wa nyuma sogeeni mbele maana huu mlango nilioulaza hapa mezani nitaufungua na nataka kila mtu aone ndani. Leo tunaongelea pawa windo iliyogoma, unabonyeza swichi kioo hakipandi hakishuki, au kimezama mlangoni na hakirudi. Na ninachotaka mtoke nacho ni kitu kimoja tu, mota ndo kitu cha mwisho kununua, siyo cha kwanza. Inaniuma kweli nikiona mtu kabadilishiwa mota na kioo bado kimekufa vilevile, kwa sababu hakuna aliyepima, fundi alibonyeza swichi, akasikia kimya, akasema mota imeungua.

Kabla hujashika bisibisi tumia masikio. Washa swichi ya gari, injini siyo lazima iwake, weka sikio karibu na mlango alafu bonyeza. Ukisikia mota inazunguka vizuri na kioo kimetulia palepale, basi umeme unafika na mota ni nzima, kilichokufa ni mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha, yaani kebo imekatika au kile kipande cha plastiki kinachobeba kioo kimevunjika. Ukisikia inakwaruza na kugonga gonga ndani, kebo imechanika nyuzi zikajisokota kwenye ngoma yake, lile gurudumu linaloikunja kebo, au meno ya giya yamelika. Kama kioo hakiendi ila taa ya ndani ya gari inafifia kila ukibonyeza, mota inavuta umeme lakini kuna kitu kimeibana, mara nyingi ni kioo chenyewe kimekamatwa na raba zake pembeni. Na kuna ile kioo kinafika nusu kinazima, unakaa kidogo unajaribu tena kinaenda, hiyo ni kinga ya joto iliyomo kwenye mota, imepata moto kwa kulazimishwa ikajikata yenyewe. Mota ya namna hiyo wengi wanaitupa wakati kilichotakiwa ni kusafisha raba tu.

Kimya kabisa, hapo ndo kuna kazi, twende taratibu.

Kwanza angalia vioo vingine. Vyote vimekufa? Nenda kwenye fyuzi na rilei, yaani swichi ya umeme inayowashwa na umeme mwingine mdogo, fyuzi za vioo nyingi ni za ampia 20 hadi 30, na ikiwa imeungua weka ya namba ileile, usiweke kubwa zaidi eti isiungue tena, maana hapo kitakachoungua ni waya ndani ya mlango. Vya abiria tu ndo havifanyi kazi ila cha dereva kinafanya? Angalia kwanza kile kitufe cha kuzuia vioo vya abiria kwenye mlango wa dereva, mtoto akikibonyeza au begi likikilalia, abiria wote wanabaki hawana kioo na hakuna kilichoharibika.

Sasa swichi, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ukielewa hapa umeelewa nusu ya kazi yote. Mota ya kawaida ya kioo ina waya mbili tu. Ukipeleka chanya huku na ethi, yaani upande wa hasi wa betri, kule inapandisha, ukigeuza inashusha, mota ni ileile. Kwenye mfumo wa kawaida, swichi ikiwa imetulia waya zote mbili zimekaa kwenye ethi, ukibonyeza upande mmoja swichi inautoa waya mmoja kwenye ethi na kuupa chanya. Kwa hiyo kioo kikishuka vizuri lakini kikikataa kupanda kimya kimya, mota inawezaje kuwa imekufa? Imetoka kukushushia kioo sasa hivi! Hapo tafuta kwenye swichi, kontakti ya upande mmoja imeungua au imeota weusi, mara nyingi unaifungua unasafisha kwa dawa ya kontakti inarudi. Alafu kwenye gari nyingi swichi ya abiria inapata ethi yake kupitia swichi kubwa ya dereva, kwa hiyo kontakti mbovu kwenye mlango wa dereva inaweza kukuulia kioo cha mlango mwingine kabisa, wewe unahangaika kufungua mlango ambao hauna kosa lolote.

Kupima, watu wengi wana mita ya kupimia volti siku hizi na ni kitu kizuri, ila mita peke yake inadanganya. Waya ikiwa imebaki na unyuzi mmoja tu haujakatika mita itakuonyesha volti 12 safi kabisa, ukiunganisha mota inakosa nguvu hata ya kutikisika. Kwa hiyo chukua balbu ya indiketa ya wati 21, ifungie waya mbili, ichomeke kwenye konekta ya mota alafu mtu abonyeze swichi. Iwake kwa nguvu ukipandisha, iwake kwa nguvu ukishusha. Ikiwaka pande zote mbili na mota haizunguki, hapo sasa nakubali, mota hiyo inunuliwe. Ikiwaka hafifu au isiwake, shida iko kabla ya mota, rudi nyuma ufuate waya.

Na ukifuata waya pa kwanza kuangalia ni ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na bodi, pale kwenye bawaba. Kila ukifungua mlango zile waya zinakunjwa, kila ukifunga zinanyooshwa, miaka na miaka, na mlango wa dereva ndo unafunguliwa kuliko yote. Shaba inakatika ndani wakati plastiki ya nje bado nzima, ukiangalia kwa macho huoni kitu. Jaribio ni jepesi, shikilia swichi huku unausogeza mlango polepole kufungua na kufunga, kioo kikishtuka hata mara moja umeipata. Vuta mpira utoe waya, ivute kila moja taratibu, iliyokatika itanyumbuka kama ndala iliyochoka. Unganisha kwa kuongezea kipande cha waya laini cha unene uleule, usiivute ikutane kwa nguvu maana itakatika tena palepale, na usikunje tu kwa vidole ukaziba na tepu, choma risasi, yaani lehemu, au tumia kiungio cha kubana.

Haya, tufungue mlango. Toa kichwa cha hasi cha betri usubiri dakika kadhaa, gari nyingi zina sensa za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, mlangoni. Skrubu zinajificha nyuma ya mkono wa kufungulia na chini ya pa kushikia, zikishatoka zote ndo unavuta kava klipu moja moja, ukianza kuvuta na skrubu moja imebaki utapasua kava. Nyuma yake kuna karatasi ya nailoni, ibandue kwa utaratibu na uirudishe, hiyo ndo inazuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Kioo kikiwa juu kifunge kwa tepu pana juu ya fremu pande zote mbili kabla hujalegeza bolti zake, vioo vya milango vingi vimeimarishwa kwa joto, ukingo ukigonga chuma kinamwagika chote vipande vidogo.

Vidole, tafadhali. Ile mashine ya mikono miwili ya mkasi ina springi yenye nguvu, ukitoa mota bila kuifunga mikono kwanza inajirusha, na meno yake hayajui kidole na chuma. Ile ya kebo haina hasira hiyo, lakini kebo ikiwa imechanika badilisha mashine nzima, kuunga kebo ile sijawahi kuona inadumu. Ukiwa humo ndani angalia na vitundu vya chini ya mlango, vikiziba maji yanasimama na mota inaoza ikiwa bado kijana. Raba za kioo zipulizie silikoni, usiweke oili ya injini wala grisi, zinavimba na kunasa vumbi. Grisi ni ya reli ya chuma tu.

Kuna swali hapo. Ndiyo, dada, anauliza kama kioo kimezama na mvua inanyesha, anaweza kuipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri? Inawezekana, ila kama mota ina waya mbili tu, na hakikisha umechomoa konekta yake kwanza. Weka fyuzi kwenye waya wako, gusa kwa muda mfupi, kikishuka badala ya kupanda geuza waya. Lakini ukikuta waya nne, tano, sita zinaingia kwenye mota, hiyo ina kompyuta yake ndogo ndani, usiipe umeme hovyo utaiua. Hiyo legeza bolti za kioo, kinyanyue kwa mkono ukifunge na tepu mpaka utakapopata muda.

Na wewe kaka uliyesema umebadilisha mashine na kioo sasa kinafika juu kinarudi chini chenyewe, hakijaharibika, kimesahau mwisho wake uko wapi. Kwenye gari nyingi unakipandisha mpaka juu kabisa alafu unaendelea kushikilia swichi sekunde kadhaa kinajifunza upya, utaratibu wa gari yako uko kwenye kitabu chake. Kikirudi sawa, jaribu na ile kinga ya kutobana mtu kabla hujampakiza mtoto, weka sponji nene juu ya kioo ukiache kipande juu, kikigusa kinatakiwa kirudi. Sponji, siyo mkono wako. Nani mwingine ana swali, alafu tuje mtoe hii mashine hapa wenyewe, mmoja mmoja.