Pishi si Kilo: meneja wa bidhaa mbele ya mashine inayoandika programu

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliopanda boti kutoka Pemba.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa nasimamia programu ya simu ya kuwasaidia wenye mashamba ya karafuu kuweka hesabu za wachumaji. Zamani ningeandika waraka mrefu, nikawapa waandishi programu, nikasubiri wiki kadhaa ndipo nione kitu. Safari hii nilifungua Claude Code, chombo cha akili bandia kinachoandika programu, nikaieleza ninachotaka kwa Kiswahili hiki hiki, na kabla ya adhana ya alfajiri nilikuwa na kitu kinachobonyezeka.

Nikakichukua hadi Wete kwa bibi mmoja mwenye shamba. Akaingiza: mchumaji wa kwanza pishi sita, wa pili pishi nne. Chini ya kioo ikatokea jumla: kilo kumi.

Bibi hakusema kitu. Alinyanyuka, akaleta kopo la pishi, akalijaza karafuu mbichi mpaka zikamwagika, akaniwekea mapajani. "Hizi zina maji, mwanangu. Hata juani hazijafika."

Mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi ni ujazo, vibaba vinne. Karafuu zikishachambuliwa makonyo na kuanikwa, kilo tatu mbichi hubaki karibu kilo moja kavu, na ni hizo kavu zinazopimwa kwa kilo kwenye kituo cha kuuzia. Mimi nimezaliwa Pemba, nayajua hayo tangu utotoni. Sikuyaandika. Mashine ikaliziba pengo kwa kubahatisha, wala haikuniuliza. Mwandishi programu wa hapa angeniuliza siku ya kwanza.

Tangu siku hiyo siiruhusu kuandika hata mstari mmoja kabla haijanihoji. Naiambia: niulize kila usichokijua kuhusu kazi hii, kisha nipe mpango niusome. Majibu yangu nayaweka kwenye faili la CLAUDE.md, ambalo chombo hicho hulisoma kila kinapoanza kazi. Langu lina sentensi kama hizi: "Pishi haijumlishwi na kilo." "Mtumiaji akiandika saa mbili usiku, hiyo ni 20:00." Hiyo ya saa ichukueni leo leo, kwa sababu mwenye kutengeneza ratiba ya boti au daladala itamkuta tu.

Februari 2025 Andrej Karpathy, mtafiti wa akili bandia, aliipa jina la "vibe coding" tabia ya kuiachia mashine kila kitu bila kuisoma kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, na mwenyewe alisema inafaa kwa vijimradi vya wikiendi vya kutupwa. Mimi nakubaliana naye. Kitu nilichompelekea yule bibi kilikuwa cha kutupwa, na faida yake ilikuwa kubwa: swali la pishi lilijitokeza kabla hakijajengwa kitu cha kudumu. Wenzangu waandishi programu walikijenga upya, na hapo ndipo pa kuwaachia wao. Msiwapelekee kodi ya usiku mmoja mkawaambia waiingize kazini kesho.

Mengine kwa haraka: hifadhini toleo kwa git, chombo cha kutunza matoleo ya programu, kila hatua inapofanya kazi, na majina na namba za simu za watu halisi zisiingie kwenye majaribio.

Baada ya chai tutakaa wawili wawili. Kompyuta zibaki zimefungwa kwanza. Kila mmoja amwandikie mwenziwe mambo kumi ya kazi yake ambayo mgeni hawezi kuyajua, na mwenziwe ayaulizie mpaka aelewe. Haya, mwenye swali anyanyue mkono.